Mpeni mgonjwa namba zake!



Najua mmenisema sana kwa ukimya wangu. Testi zimetubana, bumu limechelewa kama kawaida yake, na umeme wa hosteli nao una mambo yake. Leo nimeamua kukaa chini niandike, maana mjadala wetu wa Jumapili bado unanisumbua. Mada ilikuwa mgonjwa wa saratani anayejipima mwenyewe na kuandika vipimo vyake kwenye daftari. Wengi mlisema ni uchuro. Wengine mkasema ni kumfundisha daktari kazi. Mshikaji mmoja akamalizia kwa kusema eti "kama ni kupona atapona, kama ni kufa daftari halitamsaidia."

Aisee, nimekataa. Nimekataa jana, nimekataa leo. Na nitawaeleza kwa nini, mwanzo mpaka mwisho.

Tuanze na historia ya hapa hapa nyumbani. Mji huu umejengwa na watu waliobeba mizigo. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaenda mpaka Ujiji. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30, miezi kwa miezi. Kila pembe ilikuwa na uzito wake unaojulikana, mwenye mali alijua, mnunuzi alijua. Je, mpagazi mwenyewe alipimwa? Aliyekonda njiani nani alijua amekonda kiasi gani?

Mnadhani tumebadilika sana? Nenda Urambo au Kaliua wakati wa masoko ya tumbaku. Mzigo unawekwa kwenye mizani, unapewa daraja, unaandikwa. Mkulima anakumbuka kilo za msimu huu na za msimu uliopita. Muulize yeye mwenyewe ana kilo ngapi. Atacheka!

Sasa sikieni habari ya wagonjwa wawili wa njia hii. Wa kwanza ni Livingstone. Alikaa hapa Kwihara kuanzia Februari mpaka Agosti 1872, kwenye ile tembe tunayowapeleka wageni. Akaondoka, akafa 1873 kwa mtemi Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Katika shajara zake aliandika homa zake, alivyoishiwa nguvu, alivyokuwa akitokwa damu, karibu mpaka siku za mwisho. Chuma na Susi na wenzao waliubeba mwili pamoja na maandishi yake, wakapita Unyanyembe, wakafika Bagamoyo mwaka 1874. Ndiyo maana mpaka leo madaktari wanaweza kukaa wakajadili alichougua.

Wa pili ni mtemi wetu Mirambo. Alifariki Desemba 1884. Inasemwa alikuwa na ugonjwa wa koo, na wapo waandishi wanaodhani ilikuwa saratani. Wanadhani tu. Hatujui ulianza lini, alikonda kwa kasi gani, aliacha kumeza chakula kigumu mwezi gani. Mgeni tunamjua siku kwa siku, mwenyeji wetu mkubwa kuliko wote tunambahatisha. Nasikia mtu anasema "hayo ni ya kale". Haya, tuje ya leo.

Mgonjwa wa saratani kutoka Tabora akishagundulika, mara nyingi anaelekezwa Bugando kule Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 300, au Ocean Road kule Dar es Salaam, ambako kwa reli ni kama kilomita 840. Anawekewa dripu, anapumzika, anarudi nyumbani kusubiri mzunguko unaofuata. Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hatuijui. Dawa nyingi za saratani zinashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na wadudu. Kwa kawaida zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo mgonjwa yuko wapi? Hayuko wodini. Yuko Isevya, yuko Sikonge, yuko Igunga, amelala chumbani na ndugu zake.

Basi anapata homa. Sisi watu wa Tabora homa tunaijua kwa jina moja tu: malaria. Anapewa panadol, joto linashuka, watu wanashukuru Mungu. Usiku linapanda. Asubuhi dawa ya malaria. Kesho yake ndiyo anapelekwa hospitali, kachelewa. Kwa mtu ambaye chembe nyeupe zimeisha, joto la 38 na kuendelea ni dharura, na inatakiwa apate dawa za kuua bakteria kwenye mshipa haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu afike. Apimwe malaria, sawa, huku kwetu lazima. Ila asisubirishwe antibiotiki kwa sababu ya malaria.

Sasa fikirieni mgonjwa huyo anafika kwenye dirisha la mapokezi usiku. Wa kwanza anasema: "Najisikia homa." Ataambiwa akae kwenye benchi. Wa pili anafungua daftari: "Nimewekewa dripu tarehe 3. Leo ni siku ya 10. Saa mbili usiku joto lilikuwa 38.4. Sijameza panadol." Huyo wa pili hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi anajua cha kufanya! Kipimajoto na mstari mmoja wa kalamu. Ndiyo hiyo mnayoiita uchuro?

La pili, na hili naomba mlisikilize vizuri. Kuna dawa nyekundu ya dripu, wagonjwa wanaijua kwa rangi yake, inaitwa doxorubicin. Inatumika kwa saratani ya matiti na nyingine kadhaa. Dawa hii ina kikomo cha maisha: ukijumlisha dozi zote ulizowahi kupata, ikizidi kama miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita mraba ya mwili, hatari ya moyo kuharibika inakuwa kubwa mno. Mtu aliyepata mizunguko minne ya miligramu 60 ameshatumia 240, na hiyo haifutiki hata ipite miaka. Sasa mgonjwa alitibiwa Mwanza, ugonjwa umerudi baada ya miaka sita, safari hii yuko Dar kwa mtoto wake. Faili liko wapi? Kama mgonjwa hana namba hiyo, daktari mpya aijuaje? Faili la hospitali linakaa hospitali. Mtu ndiye anayesafiri, kwa hiyo namba isafiri naye.

La tatu ni uzito. Dozi za dripu nyingi hukokotolewa kwa urefu na uzito wa mgonjwa. Mtu akipungua kutoka kilo 64 hadi 56 kati ya matibabu na matibabu, hilo ni jambo la kumwambia daktari mapema, maana ameshapoteza zaidi ya asilimia 10. Sisi tunasubiri mpaka nguo zimpwaye ndiyo tunanong'ona jikoni.

La nne ni la baada ya matibabu. Mama aliyeondolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono miezi au miaka baadaye. Uvimbe ukishikwa mapema unatulizwa kirahisi zaidi. Kifaa cha kuushika ni tepu ya fundi cherehani! Unapima mikono yote miwili, sehemu ile ile, mara moja kwa mwezi, unaandika. Tofauti ikianza kufika sentimita 2, nenda kaonane na wataalamu.

Haya, tuje kwa wapinzani wangu mmoja mmoja.

Anayesema ni uchuro: wewe mama yako alipokuwa na mimba yako alikuwa na kadi ya kliniki. Ulipozaliwa ukawa na kadi yako, kila mwezi unaning'inizwa kwenye mizani kama kuku wa mnadani, nukta inawekwa kwenye mchoro: kijani, kijivu, nyekundu. Mama ambaye hakuwahi kusoma alijua nukta ikishuka kuna tatizo. Mchoro wa aina hiyo daktari David Morley aliusambaza tangu miaka ya 1950 akiwa kijijini Nigeria, na kadi ikaachwa mikononi mwa mama mwenyewe. Hakuna aliyesema ni uchuro kumpima mtoto. Watu wanaoishi na VVU nao wana kadi ya CTC1 wanayokaa nayo, na leo ukikaa nao wanakwambia wingi wa virusi vyao bila kigugumizi. Kwa nini mgonjwa wa saratani peke yake ndiye afichwe?

Anayesema namba zitamtia mgonjwa presha: mgonjwa tayari ana presha. Kutokujua ndiko kunakomkesha. Na kuna ushahidi. Hospitali ya Memorial Sloan Kettering kule New York ilichukua wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa, ikawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likawa linajaza dalili 12 zake kila mara kwenye kompyuta, na dalili ikizidi muuguzi anapata taarifa. Kundi jingine likatibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Matokeo yalitoka 2017: waliokuwa wanaandika dalili zao waliishi wastani wa kati wa miezi 31.2, wenzao miezi 26. Miezi mitano na zaidi, wadau! Na sio dawa mpya, ni kuandika na kuwa na mtu wa kusoma kilichoandikwa.

Anayesema siku hizi kuna saa za kidijitali na programu za simu: ndugu yangu, vaa saa yako, nakutakia heri. Ila saa ya kuhesabu hatua haijui tarehe ya dripu yako wala haijui dozi yako. Betri ikiisha imeisha. Daftari la kurasa 48 halihitaji chaji.

Anayesema ni kumwingilia daktari: hapa nitawaambia la kwetu. Mama mdogo wangu alipokuwa kwenye matibabu alikuwa anaandika kila kitu. Siku moja kwenye kliniki, sitaitaja, aliomba aandikiwe majibu ya damu yake. Akajibiwa, "Mama, wewe unataka kujua ili iweje? Nani kakutuma?" Mtu mzima, mwalimu mstaafu, mbele ya foleni nzima. Aliinamisha kichwa akafunga daftari. Sikutegemea kuona mama mdogo akinyamazishwa kama mtoto kwa kuulizia damu yake mwenyewe. Halafu tunashangaa wagonjwa hawarudi kliniki!

Damu ni ya nani? Majibu ni ya nani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Kwa hiyo mgonjwa akiomba nakala haombi fadhila. Na kwa daktari mwenye foleni ya watu 60, mgonjwa mwenye daftari zuri anaokoa muda. Badala ya "nilikuwa naumwaumwa," anasoma tarehe.

Nakubali jambo moja, maana sitaki museme nafuata mkumbo. Kupima kunaweza kugeuka utumwa. Kuna mtu anapanda mizani mara tano kwa siku, kila gramu inamliza. Huyo hajapata msaada. Ndiyo maana nataka vitu vichache: uzito mara moja kwa wiki, joto kila siku katika wiki mbili baada ya dripu na wakati wowote unapojisikia vibaya (pima KABLA ya panadol, maana panadol inaficha homa), majibu ya damu kila yanapotoka, jina la dawa na dozi ya kila mzunguko, na dalili tatu zinazokusumbua zaidi. Basi. Na namba haitibu, anayetibu ni mtu aliyeiona. Daftari lisilosomwa na yeyote ni mapambo.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Kila kliniki ya saratani impe mgonjwa kadi ya kukaa nayo, kama walivyofanya kwa watoto na kwa CTC. Kwenye jalada paandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa: NATUMIA DAWA ZA SARATANI, JOTO LIKIFIKA 38 NI DHARURA, na namba ya simu ya kupiga usiku. Hiyo kadi ni bei ya soda.

Na wakati tunasubiri wakubwa wakae vikao vyao, sisi wenye shangazi, baba wadogo na bibi wanaokwenda Mwanza na kurudi, tununue daftari na kipimajoto. Bibi hasomi? Andika wewe. Uko chuoni mbali? Piga simu jioni, uliza joto, andika. Mnaweza kukumbuka magoli ya Simba na Yanga ya misimu mitatu, namba mbili za bibi zitawashinda?

Kama una hoja ya kunipinga, njoo nayo. Ila usije na neno "uchuro", hilo nimeshalizika.

Narudi kwenye desa, kesho asubuhi kuna testi. Tupo pamoja.