Kipimo cha Kanseri kwa Mugonjwa wa Dialize: Tusikimbilie Kulia

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa nyumbani, safari hii ninataka kuongea juu ya karatasi moja ya laboratuari iliyokaribia kuua mutu.

Muzee mumoja, aliyefanya kazi ya shimo miaka mingi, mafigo yake yamekufa. Mara tatu kwa juma anafungwa kwa mashini, kila mara masaa ine, ili damu yake isafishwe. Ile ndiyo dialize. Familia iliona anakonda, ikaogopa, ikamupeleka kwa laboratuari moja kununua "vipimo vyote vya kanseri". Karatasi ikarudi na alama tatu nyekundu: CA 125 juu, CYFRA 21-1 juu, CEA juu kidogo. Nyumbani kilio kikaanza. Muzee akasema: "Kama ni kanseri, tusitupe tena feza kwa mashini. Watoto wasome." Akakosa mashini mara mbili. Walipomuleta kwetu, miguu ilikuwa imevimba na pumzi inamushinda. Mutu wa dialize akiacha mashini, maji yanajaa mwilini, potasi inapanda ndani ya damu, na moyo unaweza kusimama wa ghafula.

Sasa tuangalie ile karatasi. Vipimo hivi vinatafuta protini ambazo kanseri fulani zinatoa kwa wingi. Lakini mwili usio na kanseri unazitoa pia, kidogo kidogo, na zile ndogo mafigo yanasaidia kuziondoa. Mufanyakazi wa shimo anajua: pompi ikisimama, maji yanapanda hata kama mvua haikunyesha. CYFRA 21-1 ni hivyo, na SCC vilevile. Zinapanda kwa mutu ambaye mafigo yake hayafanyi kazi, bila kanseri yoyote. CEA inaweza kupanda kidogo. Tena ya muvuta tumbaku inapanda hata kama mafigo yake ni mazima. Ile namba ya "kawaida" iliyochapwa pembeni ya karatasi ilitoka kwa watu wenye mafigo mazima.

Na CA 125? Hiyo inatumiwa hasa kufuata kanseri ya ovari ya wanawake. Nani aliona vizuri kuipima kwa muzee, sijui mpaka leo! Inapanda pia wakati maji yanajaa tumboni ao kuzunguka mapafu na moyo, na muzee wetu alikuwa amejaa maji. Mashini ilipoyaondoa, wakapima tena baada ya majuma machache, ikashuka. Radio ya kifua na ekografi hazikuonyesha uvimbe.

Kuna nyingine, hCG, ambayo ni kipimo cha mimba na pia cha kanseri fulani. Kwa mama wa dialize inaweza kuonyesha mimba isiyokuwapo. Ndugu bwana, kabla hujamuuliza bibi yako mimba ni ya nani, mupeleke kwanza kwa ekografi.

Mutu asiseme sasa kwamba vipimo vyote ni uongo. AFP, ya kanseri ya ini, ni protini kubwa. Mafigo yakifa, yenyewe inabaki ya kuaminika, na kwetu ambako hepatiti B inasumbua watu wengi, sitaki mutu aidharau. PSA ya jumla, ya prostati, vilevile. Lakini ile wanaita PSA huru ni ndogo, inabaki ndani ya damu ya mutu wa dialize. Kwa mutu mwingine, sehemu ya huru ikiwa kubwa, munganga anatulia kidogo. Kwa mutu wa dialize utulivu ule unaweza kuficha kanseri ya kweli. Kwa hiyo makosa yanaenda pande zote mbili. Tena mugonjwa wa dialize wa miaka mingi yuko na hatari zaidi ya kupata kanseri ya mafigo yenyewe. Akiona damu kwa mukojo, aje mara moja, hata kama karatasi zake zote ni nzuri.

Maoni yangu ni haya: tuache kununua vipimo vya kanseri kwa mafungu, kama vile mutu ananunua nyanya sokoni. Munganga aombe kimoja, akiwa na sababu yake. Damu itoke mbele ya mashini kuanza, kwa laboratuari ileile, na namba ilinganishwe na namba ya mbele ya mutu yuleyule. Inayokaa pahali pamoja mwaka muzima si sawa na inayopanda kila mara.

Na sisi wa dispansari pia tuna deni. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, niliwapa watu karatasi mukononi na kunyamaza, kwa sababu mulangoni palikuwa na mustari murefu. Mutu akienda nyumbani na namba bila maneno, jirani ndiye atamufasiria.

Muzee amerudi kwa mashini: siku ya kwanza, ya tatu na ya tano. Feza bado ni taabu, watoto wanachangia. Yule wa pili ndiye anabeba fomu za laboratuari, na juu ya kila moja anaandika yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa: DIALIZE.