Nyasi za uani, samadi na haki ya jirani

  

Ijumaa mbili zilizopita, nikiwa bado nimekaa msikitini baada ya Swala, alinijia mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Tanga, mtu mpole asiye na desturi ya kulalamika, akaniomba nimfafanulie mambo mawili. La kwanza lilimhusu jirani yake, mwenye uwanja wa nyasi unaopendeza mbele ya nyumba. Jirani huyo humleta kijana mwenye bomba mgongoni kupulizia dawa ya kuua magugu, na upepo wa kusi ukivuma, dawa ile huangukia tuta la mchicha la mzee na mahali wanapochakura kuku wake. La pili lilikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwanawe, kwa kuchukizwa na madawa hayo, aliacha hata mbolea ya dukani akamwaga samadi ya ng'ombe juu ya nyasi za uani. Tangu siku hiyo mama mkwe wa kijana amekataa kukanyaga pale na amewakataza wajukuu wasicheze, akisema uwanja wote umenajisika na anayetoka huko hana udhu wala twahara. Jioni watu waliokuwa wakiketi pamoja barazani na uani sasa kila mmoja yuko chumbani kwake.

Msomaji anaweza kudhani kuwa nyasi ni jambo dogo mno kwa ukurasa huu. Lakini katika maswali haya mawili mna haki ya jirani, mna usalama wa watoto, mna israfu ya maji, na mna mlango wa twahara ambao wengi wetu tuliusoma madrasa tukausahau.

Niseme kwanza kwamba uwanja wa nyasi zilizokatwa si urithi wa mabibi zetu. Wao walifagia mchanga kila alfajiri kwa fagio la njukuti, na ua wao ulikuwa safi kuliko nyingi za nyua zetu za leo. Asiye na nyasi hajapungukiwa na kitu. Hata hivyo nyasi si jambo baya, kwani huzuia vumbi, hushika udongo usichukuliwe na mvua za masika, na mtoto akianguka haumii sana. Mimi mwenyewe ninazo.

Nami sina budi kukiri kosa langu kabla ya kumnyooshea kidole jirani wa watu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua dawa ya magugu kwa kipimo kutoka kwa muuzaji mmoja, akanimiminia katika chupa tupu ya soda. Nikaiweka stoo, chini ya rafu. Mjukuu wangu wa miaka minne aliikuta, akaitoa hadi sebuleni, na alikuwa ameshafungua kifuniko pale bibi yake alipomnyang'anya. Hakunywa, alhamdulillahi. Lakini usiku ule sikulala, maana nilikwenda kusoma habari za dawa hizo, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kununua. Nikakuta kwamba mojawapo ya dawa za magugu zilizoenea duniani, parakwati, funda moja tu laweza kumuua mtu mzima, na haina dawa ya kuitengua sumu yake. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Ewe mzazi, ukiwa na chupa kama ile yangu nyumbani, iondoe leo kabla ya Magharibi. Usiimwage mtaroni wala chooni. Ifunge, iandike jina, na uende kumwuliza afisa wa kilimo namna ya kuiteketeza.

Kuhusu dawa ya glaifoseti, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, nataka nimtendee haki kila mmoja. Mwaka 2015 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani iliiweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani haikukubaliana na rai hiyo. Wataalamu basi wamekhitalifiana, na mimi si mwanakemia wa kuwapatanisha. Lakini mwanafunzi yeyote wa usuli fiqhi anajua kwamba maslaha yana daraja: kuna ya dharura, kuna ya haja, na kuna ya tahsini, yaani mapambo. Mkulima anayepulizia shamba la mahindi ili watoto wake wale yuko katika haja, na huenda katika dharura. Mwenye kupulizia ua ili upendeze machoni mwa wapita njia yuko katika mapambo. Na shaka ya madhara inayovumiliwa kwa ajili ya chakula haivumiliwi kwa ajili ya pambo, hasa madhara yenyewe yanapovuka ukuta na kumfikia mtu ambaye hana hata jani moja katika pambo hilo. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipiza dhara kwa dhara, na mafakihi wameijenga juu ya hadithi hiyo, aliyoipokea Ibn Majah na wengine, milango mingi ya haki za majirani.

Cha kushangaza ni kuwa hoja hii ya mapambo na haja wameifikia pia watu wasiosoma usuli. Katika mji mdogo wa Hudson, jimbo la Quebec nchini Kanada, daktari wa ngozi aitwaye June Irwin alihudhuria vikao vya baraza la mji kwa miaka, akieleza wasiwasi wake juu ya madawa yanayopuliziwa kwenye nyasi za majumbani. Mwaka 1991 baraza likapitisha sheria ndogo ya kuzuia matumizi ya madawa hayo kwa mapambo tu. Makampuni ya kutunza nyasi yakaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Kanada, na mwaka 2001 mji ukashinda. Mwaka 2009 jimbo la Ontario nalo likazuia matumizi ya namna hiyo. Na nyasi za Kanada hazikufa. Watu walijifunza kuzitunza.

Sasa zinatunzwaje? Nimejifunza haya kwa kuuliza, kusoma, na kuharibu ua wangu mara mbili.

Jambo la kwanza ni ukataji. Wengi wetu humwambia kijana wa fyekeo akate mpaka udongo uonekane, ili asirudi upesi. Hapo ndipo magugu yanapozaliwa, kwa sababu jua linaifikia mbegu ya gugu iliyolala na nyasi zenyewe hazina jani la kujipikia chakula. Usikate zaidi ya thuluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka wetu unavumilia kukatwa sentimita tatu au nne. Zile za majani mapana ziitwazo nyasi za Pemba ziache ziwe kama sentimita sita. Na vipande vilivyokatwa viache palepale vioze. Vinarudisha ardhini naitrojeni ambayo ungeinunua dukani, na inakadiriwa kuwa vinaweza kutosheleza hata robo ya mahitaji ya nyasi kwa mwaka.

Tunachokifanya badala yake ni kukusanya majani pamoja na makoko ya mwembe na mkungu na kuyachoma jioni, moshi ukaingia dirishani kwa jirani mwenye pumu. Kisha tunakwenda kununua mbolea! Yakusanye majani hayo pembeni, mafungu mawili au matatu ya makavu kwa fungu moja la mabichi na maganda ya jikoni, nyunyiza maji yawe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, na uyageuze kwa uma kila wiki. Katikati ya lundo hupata joto la kuweza kuua mbegu nyingi za magugu, na kwa hali ya hewa ya pwani, katika miezi mitatu hivi unapata mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa mvua. Ichekeche, uitandaze juu ya nyasi unene wa nusu sentimita mwanzoni mwa masika na tena wakati wa vuli. Udongo wetu wa pwani ni mchanga; mbolea ya chumvichumvi kama urea, ambayo asilimia 46 yake ni naitrojeni, husombwa na mvua upesi na kupita, ilhali mboji hushika maji na kuwalea nyungunyungu.

Maji nayo yana hesabu yake. Kiasi kinachotajwa kwa nyasi wakati wa jua ni milimita 25 kwa wiki. Kwa ua wa mita za mraba 100 hizo ni lita 2,500, sawa na madumu 125 ya lita 20. Wakati huohuo katika mtaa huohuo yuko mama anayenunua maji kwa dumu. Aya ya 31 ya Suratul A'raaf inayokataza israfu inataja kula na kunywa, mambo ambayo mwili hauishi bila ya hayo. Basi vipi katika nyasi? Wakati wa kiangazi uache ukoka ugeuke rangi. Haujafa, umelala, na mvua ya kwanza itauamsha. Ukiwa na maji ya kuoshea mboga au nguo yasiyo na sabuni kali, yatumie hayo, alfajiri, kwa wingi mara moja kwa wiki kuliko kidogokidogo kila siku, ili mizizi ishuke chini.

Kwa magugu, fimbo yako ni jembe dogo na subira. Ndago haiondoki kwa kung'olewa jani; fuata mzizi wake mpaka kwenye kile kiazi kidogo, baada ya mvua udongo ukiwa laini. Kwa wadudu, twanga gramu 500 za kokwa za mwarobaini, ziloweke usiku kucha katika lita 10 za maji, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia jioni. Hata hiyo isiachwe mahali watoto wanapoifikia.

Nirudi kwa mama mkwe, ambaye kwa hakika hakukosea kuuliza. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tuliyolelewa nayo pwani hii, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake yaliwa, na kugeuka kwake kuwa udongo hakukitwaharishi. Wenzetu wa Maliki na Hanbali wanasema kinyesi cha mnyama anayeliwa ni twahara, na miongoni mwa dalili zao ni kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali katika mazizi ya kondoo na mbuzi kabla ya kujengwa msikiti wake, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim. Hata hivyo, kwa Mashafi pia, kurutubisha ardhi kwa samadi kunaruhusiwa, na mmea unaoota hapo si najisi kwa dhati yake. Ukiguswa na samadi huoshwa. Najisi kavu ikigusa mguu mkavu hainajisi, na udhu hautenguki kwa kukanyaga najisi. Unaosha mguu, basi. Swala juu ya mkeka safi uliotandikwa hapo ni sahihi.

Kwa kijana nilisema hivi: samadi, iliyokaa miezi kadhaa ikaiva, aipeleke kwenye migomba na kwenye ukingo wa ua. Mahali watu wanapoketi atumie mboji ya majani na maganda matupu, ambayo haina neno katika madhehebu yoyote. Na pale alipokwisha mwaga, azoe kinachozoleka na atandaze juu yake udongo safi.

Ama jirani mwenye bomba, mzee alitaka nimwandikie barua. Nilikataa. Tulikwenda wote wawili baada ya Alasiri, tukiwa na fungu la mchicha. Alitusikiliza, akasema hakujua kuwa dawa inavuka ukuta, na akamwita kijana wake aje asikie mwenyewe. Juzi nilipopita niliona lundo la majani pembeni mwa ua wake, limefunikwa kwa makuti.