Damu ya Rubani: Nani Mwenye Haki ya Kisasi?

Wahenga walinena, mwenye kovu usidhani kapoa. Tuyakumbuke maneno hayo tunapotazama balaa ambalo limezifika nchi kadha wa kadha katika miaka hii ya karibuni: mwanajeshi hutekwa na magaidi, huuawa mbele ya kamera, kisha serikali yake hulipiza kisasi kwa haraka ili wananchi watulie. Magazeti hujaa habari za ndege na mabomu. Ni nadra kuulizwa ile nyumba aliyotoka mwanajeshi huyo ilikuwa ikitaka nini.

Kisa chenye mafunzo mengi zaidi ni kile cha Luteni Muath al-Kasasbeh wa Jordan, na kwetu sisi Waislamu kina uzito wa pekee, kwa kuwa aliyeuawa alikuwa Mwislamu, waliomwua walidai kuwa wanatumia sheria ya Kiislamu, na waliomlipizia walikuwa Waislamu pia.

Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 26. Alitoka katika mkoa wa Karak, kusini mwa Jordan, katika kabila la Bararsha. Alikuwa rubani wa ndege ya kivita aina ya F-16, na alikuwa ameoa miezi michache tu kabla ya msiba wake. Mnamo Desemba 24, 2014, ndege yake ilianguka karibu na mji wa Raqqa, Syria, alipokuwa akishiriki katika mashambulizi ya nchi zilizoungana na Marekani dhidi ya kundi la ISIS, ambalo Waarabu wengi huliita Daesh. Alitolewa majini akiwa hai, na picha zake zikaenezwa ulimwengu mzima.

MANENO YA MZAZI

Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi jamaa zake walivyonena tangu mwanzo. Baba yake, Mzee Safi al-Kasasbeh, hakuanza kwa matusi wala vitisho. Aliwaomba watekaji wamhesabu mwanawe kuwa ni mgeni wao, ndugu kati ya ndugu Waislamu, wamtendee wema na kumrejesha. Mwarabu wa Karak anapotumia neno “mgeni” hatumii neno jepesi. Mgeni ni amana. Hata sisi wa pwani hii twajua kwamba aliyeingia nyumbani mwako, hata kama mna ugomvi, hudhuriwi mpaka atoke.

Wiki zilipopita bila jibu, maneno yaligeuka, na sasa yaliielekea serikali. Mwishoni mwa Januari 2015, ISIS walikuwa wamewashika pia Wajapani wawili, Haruna Yukawa na mwandishi wa habari Kenji Goto. Kwanza walidai dola milioni 200 kutoka Japani. Baada ya kumwua Yukawa walibadili sharti, wakamtaka mwanamke mmoja aliyekuwa amefungwa Jordan, Sajida al-Rishawi. Jamaa za rubani na watu wa kabila lao waliandamana mjini Amman, wakidai kwamba mwanamke huyo atolewe ili kijana wao arudi. Miongoni mwao walikuwapo waliosema waziwazi kwamba vita hivyo si vya Jordan. Mzee Safi mwenyewe alisema kwamba usalama wa mwanawe ndio utulivu wa nchi.

Hayo si maneno madogo. Makabila ya Karak yamekuwa nguzo ya ufalme wa Jordan na jeshi lake kwa miaka mingi. Mfalme Abdullah wa Pili aliwaita wazazi akawafariji, na serikali ikatangaza kuwa iko tayari kumtoa al-Rishawi, mradi waonyeshwe ushahidi kuwa rubani yu hai. Ushahidi huo haukuja. Mnamo Januari 31 ikaenezwa filamu ya kuuawa kwa Goto, na Februari 3 ikaja ile ya rubani. Alikuwa amefungiwa ndani ya kizimba na kuchomwa moto akiwa hai. Televisheni ya serikali ya Jordan ilisema aliuawa tangu Januari 3. Maana yake, kama hesabu hiyo ni sahihi, majuma yote yale ya maandamano na mashauri ya kubadilishana wafungwa, wazazi walikuwa wakimwombea uhai mtu aliyekwisha kufa.

KITANZI KABLA YA ALFAJIRI KUPAMBAZUKA

Hazikupita saa nyingi. Kabla jua halijachomoza siku ya Februari 4, Jordan iliwanyonga wafungwa wawili katika gereza la Swaqa: Sajida al-Rishawi na Ziad al-Karbouly, wote Wairaki. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo miaka kadha nyuma. Al-Rishawi alikuwa mmoja wa waliotumwa kulipua hoteli tatu za Amman mnamo Novemba 9, 2005, ambapo watu wapatao 60 waliuawa. Mumewe alijilipua, na bomu lake yeye halikulipuka. Al-Karbouly alikuwa mfuasi wa Abu Musab al-Zarqawi.

Hakuna awezaye kusema kwamba watu hao walikuwa watakatifu. Lakini kuna jambo la kupima hapa. Jordan ilikuwa imeacha kunyonga watu kwa miaka minane, ikaanza tena Desemba 2014. Al-Rishawi alikaa gerezani karibu miaka kumi bila ya kunyongwa. Hukumu yake ilikuwa ya hoteli za 2005. Saa ya kutekelezwa kwake ilichaguliwa kwa damu ya rubani wa 2015, ambayo yeye hakuimwaga wala hakujua itamwagwa lini, kwani alikuwa nyuma ya kuta za gereza.

Mzee Safi alijibu nini? Alisema kwamba hao wawili hawatoshi, na kwamba damu ya mwanawe haiwezi kulinganishwa na damu ya wahalifu wale. Akaitaka serikali iling'oe ISIS lote. Wengi waliyachukua maneno hayo kuwa ni kiu ya damu. Lakini yatazame tena. Mzazi alikuwa akisema kwamba mizani haikukaa sawa. Alitoa mwana, akaletewa maiti mbili za watu asiowajua. Uchungu wake ulikuwa uleule.

Siku iliyofuata Mfalme alikwenda Karak kutoa mkono wa rambirambi, akaketi na Mzee Safi, na ndege zilizokuwa zikirejea kutoka Syria zikapita juu ya hema la matanga. Mkuu wa jeshi la anga alisema kwamba katika siku tatu yalifanywa mashambulizi 56, na operesheni hiyo ikapewa jina la marehemu, Shahidi Muath. Papo hapo ISIS wakadai kwamba mateka wa Kimarekani, binti aliyekuwa akifanya kazi ya misaada, aliuawa na mabomu hayo ya Jordan. Marekani na Jordan hazikuukubali usemi wao, lakini baada ya siku chache Marekani ilithibitisha kwamba kweli binti yule amekufa. Kwa hiyo nyumba nyingine, mbali kabisa na Karak, nayo ikaingia matangani bila ya kujua kwa yakini mtoto wao aliuawa na nani.

SHERIA YASEMAJE?

Kwa upande wa watekaji, maneno ni mafupi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuadhibiwa kwa moto, kwani adhabu hiyo ni ya Mola wa moto peke yake. Sheikh mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, alikilaani kitendo kile, ingawa naye katika ghadhabu yake alitaja kwamba waliokifanya wanastahili kuuawa, kusulubiwa au kukatwa viungo. Hata Abu Muhammad al-Maqdisi, mwanachuoni ambaye watu wa mrengo huo walikuwa wakimsoma kwa miaka mingi, alisema kuwa kuchoma mtu si katika Uislamu, na kwamba ISIS walimdanganya alipojaribu kuwapatanisha ili rubani atolewe.

Kwa upande wa kisasi ndipo penye mazungumzo marefu. Kurani katika Sura ya Israi imempa walii wa aliyeuawa dhuluma mamlaka, na mara hiyo hiyo imemwonya asipite mpaka katika kuua. Maulamaa wameeleza kwamba kupita mpaka ni pamoja na kumwua asiyekuwa mwuaji. Aidha walii amefunguliwa milango mitatu: kutaka kisasi, kupokea dia, au kusamehe. Mwenye kuchagua mlango ni yeye aliyefiwa, na mwenye kusimamia ni hakimu.

Makabila ya Jordan yenyewe yana desturi ya kuizuia hasira isikimbie. Mtu akiuawa, wazee wenye heshima huunda ujumbe uitwao jaha, huenda kwa wafiwa, huomba atwa, yaani muda wa kusitisha kisasi, ili ukweli upatikane na shauri lifanywe. Ajabu ya Februari 2015 ni kwamba serikali, yenye mahakama na magereza, ilikuwa na pupa kuliko mila ya jangwani. Jamaa hawakupata hata usiku mmoja wa kukaa na msiba wao kabla hawajaletewa kisasi.

LEBANON ILIPITA NJIA NYINGINE

Ili tusiitazame Jordan peke yake, tuigeukie Lebanon. Mnamo Agosti 2014 wapiganaji wa ISIS na wa Nusra waliuvamia mji wa mpakani wa Arsal, wakawateka wanajeshi na polisi zaidi ya 20. Wanne waliuawa mikononi mwa watekaji kabla mwaka haujaisha. Jamaa zao walipiga mahema katika uwanja wa Riad al-Solh, mbele ya ofisi za serikali mjini Beirut, wakafunga barabara na kuchoma matairi. Mahemani walikuwamo Wasunni, Washia, Wadruzi na Wakristo, maana watekwa walikuwa wa madhehebu hayo yote. Dai lao lilikuwa moja: zungumzeni na watekaji, turudishieni watoto.

Serikali ya Lebanon haikunyonga mtu. Lakini pale serikali ilipokaa kimya, kisasi kilishuka mitaani. Vijana wengine waliwashambulia wakimbizi wa Syria wasiokuwa na hatia, na watu wa Arsal na majirani zao wakatekana. Baada ya miezi 16, tarehe mosi Desemba 2015, Nusra waliwaachia watu 16 kwa kubadilishana na wafungwa. Waliokuwa kwa ISIS hawakurudi. Mabaki yao yalipatikana Agosti 2017, na wapiganaji wa ISIS wakaruhusiwa kuondoka mpakani kwa mabasi chini ya mapatano. Wapo wafiwa walioghadhibika mno kuyaona mabasi yale yakienda zake.

Kwa hiyo hapana njia isiyokuwa na machungu. Ila kutoka Karak na Beirut twaweza kuona mpangilio wa mahitaji ya wafiwa. La kwanza ni uhai wa mtoto wao. La pili ni ukweli: yu hai au amekufa, lini, na kwa nini alitumwa kule. La tatu ni maiti, ili aoshwe, akafiniwe, asaliwe na kuzikwa. Muath hakurudishwa, na watu wa Jordan walimsalia sala ya ghaibu. Kisasi huja la nne, na ndilo serikali hulifanya mwanzo, kwa sababu ndege na kitanzi viko tayari, ilhali yale matatu yana taabu.

NA SISI KENYA

Sisi nasi si wageni wa habari hizi. Januari 15, 2016, Al-Shabaab waliivamia kambi ya majeshi yetu huko El Adde, Somalia. Ndege zetu zililipiza. Miili ililetwa Nairobi, na mingine ikabidi itambuliwe kwa uchunguzi wa maabara. Lakini serikali haikutoa idadi kamili ya waliokufa, na jamaa wengi walibaki wakitegemea uvumi na picha zilizoenezwa na maadui. Mke asiyejua kama mumewe amekufa hajui hata siku ya kuanza eda. Bomu lililoangushwa msituni haliwezi kumjibu swali hilo.

Turejee kwa Muath. Zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, Julai 31, 2025, mahakama ya Stockholm ilimhukumu kifungo cha maisha Osama Krayem, raia wa Sweden, kwa sehemu yake katika mauaji yale. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuhukumiwa Ufaransa na Ubelgiji kwa ajili ya mashambulizi ya Paris ya 2015 na Brussels ya 2016. Mahakama iliona kwamba alikuwa miongoni mwa watu wenye silaha waliomlinda na kumpeleka rubani kwenye kizimba, ingawa aliyewasha moto alikuwa mwingine. Iliamuru pia jamaa wa marehemu walipwe fidia.

Hakuna ndege iliyopita juu ya Karak siku hiyo kwa sababu ya hukumu ile. Lakini kwa mara hii aliyesimama kizimbani ni mtu aliyekuwapo pale pale siku ya mauaji, akatajwa kwa jina lake na kwa tendo lake, na ushahidi ukasikilizwa. Walii wa damu alistahili hayo tangu mwanzo. Serikali zinazotuma vijana vitani, yetu ikiwa mojawapo, zafaa ziulizwe mapema, kabla ya msiba kuingia: siku kijana wetu atakaposhikwa, mtatuambia ukweli, mtatuletea mwili, na mtamtafuta aliyemwua hasa, hata kama itachukua miaka kumi? Asiyekuwa na jibu la maswali hayo asitupumbaze kwa moshi wa mabomu.