Wahurumie nyuki, lakini usijisahau

Kijana mmoja aliyenijia hivi majuzi akilalamikia kifua aliniambia ameacha nyama, maziwa na hata asali kwa kuwahurumia viumbe. Nilipomdadisi, alikiri kwamba kila jioni hupuliza dawa ya mende chumbani, kisha hulala humo humo madirisha yakiwa yamefungwa!

Msomaji, simcheki. Nyuki mmoja hutengeneza asali isiyojaza hata kijiko cha chai maishani mwake, na mrina asali anayechoma mzinga huangamiza kundi zima. Asiyekula asali hapungukiwi na kitu mwilini, kwani sehemu yake kubwa ni sukari. Lakini asiyekula nyama, mayai wala maziwa sharti atumie vidonge vya vitamini B12, la sivyo ataishiwa damu na neva zake zitaumia.

Mimi asali naila. Mfugaji anayetumia moshi kidogo na kuwaachia nyuki akiba ya chakula sioni kosa lake. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali kamwe, hata tone. Inaweza kuwa na bakteria wanaotoa sumu ya kulegeza misuli, ikiwemo ya kupumulia.

Je, wadudu wa nyumbani? Mbu huleta malaria, na mende huchafua chakula na kuamsha pumu. Hao sina huruma nao. Hata hivyo, dawa isiwe hatua ya kwanza. Funika vyakula, toa taka kila jioni, ziba nyufa, na ulale ndani ya neti iliyotiwa dawa. Ukilazimika kupuliza, ondoa watu na vyombo kwanza, kisha fungua madirisha kabla ya kurudi. Nyuki wakihamia darini, mwite mfugaji wa nyuki, usiwachome.

La mwisho ni zito. Usiweke kamwe dawa ya wadudu katika chupa ya soda. Nimewahi kumpokea mtoto wa miaka 2 aliyeinywa hivyo, na tulimwokoa kwa shida. Mama yake alitaka tu kumaliza mende. Likikufika, usimtapishe mtoto. Mkimbize hospitalini, ukibeba na chupa yenyewe.

Yule kijana nilimwambia aendelee kuwahurumia nyuki, lakini ayahurumie na mapafu yake.