Mtambo kimya si dalili ya afya njema

Hakuna sentensi iliyozoeleka katika hospitali zetu, kutoka Githurai hadi Thika, kuliko hii: "Mtambo umelala, ngojeni." Mgonjwa huisikia akiwa dirishani, muuguzi huirudia wadini, na mwisho wa mwezi karani wa takwimu huitumia kueleza kwa nini ripoti haijafika. Ni sentensi isiyosema lolote. Haielezi ni nini kilichoharibika, tangu lini, wala nani anakishughulikia.

Kelele kubwa zilisikika baada ya 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa NHIF na hospitali nyingi nchini zikalalamika kwamba mtambo mpya haufunguki. Kelele zilipigwa kwa sababu mgonjwa alikuwa amesimama mlangoni. Lakini kuna upande mwingine wa mitambo ya afya ambao mgonjwa hauoni, nao huweza kumwumiza kimyakimya. Huo ni ghala la takwimu.

Hebu tufuate safari ya takwimu hizo. Mama anapojifungua Ruiru, muuguzi huandika katika rejista ya wazazi. Mwisho wa mwezi maandishi hayo hujumlishwa katika fomu ya Wizara ya Afya nambari 711. Fomu hutakiwa kufika katika ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5, na kufikia tarehe 15 ziwe zimeingizwa katika KHIS, mfumo wa taifa uliosambazwa nchini mwaka wa 2011 kwa kutumia programu ya DHIS2 iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kwa mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, njia ni nyingine. Rekodi yake huhifadhiwa na programu ya KenyaEMR kwenye kompyuta ya kliniki, kisha programu nyingine iitwayo Dwapi huzichukua takwimu hizo na kuzituma hadi ghala la taifa.

Ghala kubwa la aina hii kwa kawaida halikai katika kompyuta moja. Hugawiwa kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama vibarua wa shamba moja la kahawa. Kila mmoja ana mistari yake, na jioni msimamizi hukusanya debe zote na kutoa jumla. Kibarua mmoja akichelewa, jumla huchelewa. Akikosekana na msimamizi asitambue, jumla hutoka pungufu, na hakuna atakayejua kwa kuitazama tu.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye hatari. Mtambo uliolala kabisa ni afadhali, kwa maana kila mtu anauona umelala. Mtambo unaojibu nusu ya jibu ndio unaoua. Kituo ambacho takwimu zake hazikufika huonekana kama kituo kisicho na wagonjwa. Anayepanga chanjo, dawa au wauguzi akiisoma nafasi tupu kana kwamba ni sifuri, kituo hicho kitapata kidogo kuliko kinachohitaji, na atakayerudi nyumbani bila dawa ni yule ambaye hakuhesabiwa.

Sisi wa Kiambu tunao ushahidi wa karibu. Madaktari wa kaunti hii waligoma kuanzia Mei hadi Oktoba 2025. Wakati wa mgomo, chama cha madaktari kilitoa idadi ya watoto wachanga kilichosema wamekufa, na serikali ya kaunti ikaikana. Sitaamua hapa nani alisema kweli. Ninachosema ni kwamba katika jambo zito kama kifo cha mtoto, mwananchi wa kawaida hakuwa na takwimu alizoweza kuzitazama mwenyewe na kuziamini. Wodi ikiwa tupu, rejista nayo huwa tupu, lakini akina mama hawaachi kuzaa kwa sababu daktari amegoma.

Je, hitilafu hizi haziwezi kutafutwa? Zinaweza, tena kwa utaratibu, kama vile daktari anavyomchunguza mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa.

Jambo la kwanza ni muunganisho. Swali la kuuliza ni moja: je, ni kituo kimoja kisichofikia ghala, au ni vituo vyote? Ikiwa ni vyote, tatizo liko katika makao makuu, na karani wa Ruiru asisumbuliwe. Ikiwa ni kimoja, tazama stima, waya, bando la intaneti, na neno la siri ambalo huenda muda wake umekwisha. Mara nyingi kinachoitwa "kuharibika kwa mtambo" ni neno la siri la mtu aliyehamishwa.

Jambo la pili ni upakiaji. Hapa inatakiwa hesabu ya mwenye duka: rekodi ngapi zimetumwa, ngapi zimefika, ngapi zimekataliwa? Tarehe 3 Aprili, ikiandikwa kwa mtindo wa Kimarekani wa kutanguliza mwezi, husomwa huku kwetu kama 4 Machi. Nambari ya kituo ikikosewa tarakimu moja, wagonjwa wa Thika huhesabiwa kwingine. Karani akiona laini ni nzito, hubonyeza kutuma mara mbili, na ghala lisilotambua marudio huwaandika wagonjwa mara mbili.

La tatu ni swali lenyewe linaloulizwa ghala. Ofisa anayetaka takwimu za mwezi mmoja huomba za miaka yote tangu 2011, kisha hushangaa kompyuta ikichoka kabla ya kujibu. Pengine kazi imegawanywa vibaya, kompyuta moja ikatwikwa kaunti zenye watu wengi huku nyingine zikikaa bure. Aidha, kuna kosa la kuhesabu ziara badala ya watu. Mama aliyehudhuria kliniki mara nne hugeuka akina mama wanne.

Kosa hilo lina mwenzake linalowagusa wakazi wengi wa hapa. Barabara kuu ya Thika imefanya mtu alale Witeithie, afanye kazi Ruiru na kutibiwa popote. Mgonjwa aliyeanza dawa Thika akihamia kliniki ya Ruiru bila barua, huandikwa upya kama mgonjwa mpya, na kule Thika huhesabiwa kati ya waliopotea. Mtu mmoja ameshakuwa wawili katika vitabu, mmoja mzima na mwingine aliyeacha dawa. Hakuna kompyuta, hata iwe na nguvu kiasi gani, itakayolitatua hilo bila binadamu wa kupiga simu na kuuliza.

Wapo wanaosema turudi kwenye makaratasi. Siungani nao. Nchi hii si mgeni katika mambo haya. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, rekodi za wagonjwa zilianza kutunzwa kwa kompyuta mwaka wa 2001, na uzoefu huo ulisaidia kuzaa OpenMRS, programu iliyoanza 2004 na ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake. Rejista ya karatasi ibaki, lakini kama akiba ya siku ya giza. Wapo pia wanaotaka tununue kompyuta kubwa zaidi. Hao nao hawajatambua kwamba tarehe iliyokosewa hubaki imekosewa hata ikisomwa kwa kasi.

Tunachohitaji ni watu, na watu hao walipwe na sisi wenyewe. Rais Donald Trump alipoamuru mnamo 20 Januari 2025 misaada ya Marekani kwa nchi za nje isimamishwe, miradi mingi ya ukimwi iliyowalipa makarani na mafundi wa takwimu ilitikisika kwa siku chache tu. Serikali ya Kaunti ya Kiambu na iajiri mafundi wa kudumu kwa ajili ya Thika na Ruiru. Hawatatafutwa mbali. Chuo Kikuu cha JKUAT kiko Juja na kile cha Mount Kenya kiko papa hapa Thika.

Pili, kila idadi inayotangazwa iandamane na idadi ya vituo vilivyoripoti. KHIS hutunza hesabu hiyo, kwa hivyo hakuna sababu ya kuificha. Tatu, kila kituo kiwe na daftari la hitilafu: ilitokea lini, ilionekanaje, ilirekebishwa vipi. Fundi mpya asianze upya kila mara. Nne, wakubwa wakome kuwakemea makarani hadi wabuni takwimu ili nafasi tupu zijazwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha takwimu ni ndugu yake.

Tano, mtambo ukigoma, majina ya wagonjwa yasitumwe ovyo kwa WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na ile ya Afya ya Kidijitali ya 2023 zipo kwa sababu siri ya mgonjwa hailali mtambo unapolala.

Nawe msomaji, una sehemu yako. Tunza kijitabu chako cha kliniki. Ukihama, omba barua ya uhamisho na utaje nambari yako ya kwanza. Na siku utakapoambiwa mtambo umelala, uliza kwa heshima: umelala tangu lini, na nani ameitwa kuuamsha? Wanaouliza wakiwa wengi, itabidi jibu lipatikane.