Usilipe Safari ya Farasi Yote Mara Moja

Mvua za masika zikiisha, vikundi vya WhatsApp vinaanza kuchemka: Nanyuki, mahema, farasi, nani anakuja? Safi sana. Ila sisi tuna msimamo wetu, na tutausema hata ukipunguza raha kidogo. Usilipe safari yote mara moja, na usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi.

Tuanze na hilo la pili, maana ndilo linalokula pesa za watu. Picha ya farasi na Mlima Kenya nyuma yake huibwa mtandaoni kwa sekunde mbili. Mtu anaibandika kwa ukurasa wake, anaweka bei tamu, kisha anaomba malipo ya kwanza "ya kushikilia nafasi." Biashara inayofuga farasi inaweza kuwa na till au paybill, iombe. Ukiingiza namba, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Likitofautiana na jina la kambi, uliza. Ukijibiwa kwamba hiyo ni namba ya shangazi wa meneja, rudisha simu mfukoni.

Kabla ya kutuma hata bob moja, uliza pia kuhusu farasi wenyewe. Wenye farasi wengi huweka kikomo cha uzito wa mpandaji, na hapo hakuna kubembeleza. Ukizidi, pesa inarudi? Mvua ikigeuza njia kuwa matope, je? Wakuandikie majibu, hata ujumbe mfupi unatosha. Na ujue mnaenda wapi hasa: Lenana, mita 4,985, utaifikia kwa miguu yako, si kwa tandiko. Kama mnaingia mbuga ya kitaifa, ada ya KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo malizeni hiyo mkiwa bado mjini.

Sasa mweka hazina. Kila kikundi kina yule jamaa mwaminifu anayekusanya michango, na kwa kweli shida mara nyingi si uaminifu wake. Shida ni laini yake. Kama amekopa kwa ile huduma ya kujaziliza salio, pesa ikiingia deni hujikata lenyewe. Mmechanga ya mahema, kumbe mmemlipia mkopo, na yeye mwenyewe bado amelala. Mchagueni mtu ambaye laini yake haina deni, au kila mmoja alipe moja kwa moja kwa till ya kambi na kutuma ujumbe wa uthibitisho kwa kikundi. Sisi tunapenda hii ya pili. Inamaliza pia ule wimbo wa "nitatuma kesho," kwa sababu asiyelipa anaonekana.

Na hili kampuni ya malipo ya simu haitarajiwi kulisema: bebeni noti. Ukishapita lango la Sirimon au Naro Moru, mtandao huja na kwenda, na baridi ya usiku humaliza betri haraka. Simu iliyozima haimlipi mtu. Noti chache za mia mbili zinatosha kwa wale vijana wanaoshika hatamu na kutembea kando yako saa mbili nzima. Salio la kambi limalizeni mkishafika, farasi mmewaona kwa macho, na kabla hamjaondoka penye mtandao.