Okidi Haihami na Chungu

"Tutazihamisha." Ndiyo jibu la siku hizi. Nililisikia Mji Mkongwe, kwenye kikao cha mradi wa hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, nilipouliza kuhusu okidi za ardhini zinazoota katika vichaka vya maweni. Tutazihamisha, tutazipanda bustanini, wageni watazipiga picha. Watu wakapiga makofi.

Mimi nayaita hayo mazishi yenye maua.

Mbegu ya okidi ni vumbi. Tunda moja hubeba maelfu, na hakuna hata moja iliyofungiwa masurufu ya safari kama punje ya mahindi. Ikianguka, humngoja kuvu wa udongoni aipenye na kuilisha. Asipotokea, basi tena. Mfaransa Noël Bernard alilibaini hilo mwaka 1899. Hata mmea ukishakua, mizizi yake, michache na minene, huendelea kuhifadhi nyuzi za kuvu zilizojiviringa ndani ya seli, nao huzimeng'enya kidogo kidogo. Wengi wa kuvu hao huishi kwa majani yanayooza, yaani taka zile zile ambazo bustani ya hoteli hufagiliwa kila asubuhi.

Mtaniambia vanila nayo ni okidi, mbona inastawi Kizimbani? Kweli. Lakini vanila tunaipanda kwa vipande vya shina, tukairundikia majani makavu miguuni. Mbegu yake hatuna haja nayo. Okidi ya maweni iliyong'olewa huenda ikachanua msimu mmoja au miwili kwa akiba ya kiazi chake. Halafu? Mbegu zitaangukia vigae. Hana mtoto, hana mjukuu.

Huko Bara, viazi vya okidi za nyanda za juu kusini huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia kupikiwa chikanda. Kitulo ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, uliwekewa mpaka uwanda wenyewe, udongo na vyote. Hakuna aliyependekeza Kitulo ihamishiwe kwenye vyungu.

Zanzibar ina sheria ya mazingira ya mwaka 2015, na tathmini hufanywa kabla ya ujenzi. Basi ripoti ituoneshe kwenye ramani ni kipande gani cha maweni kitakachoachwa bila kufyekwa wala kufagiliwa. Idadi ya vyumba tutaizungumza baadaye.